Mguu wa Kushoto wa Lango la Soko

Kiharusi kilimpata Mzee Timazi akiwa amesimama barabarani anakagua ukuta wa mtu. Hakuanguka. Aliona mkono wa kulia umekuwa mzito kama ndoo ya zege, kisha mguu nao ukamsusa, akaketi polepole kwenye ukingo wa mtaro na kumwambia mpita njia wa kwanza, "Kaniitie watu wa nyumbani. Waambie nimebomoka upande mmoja."

Timazi halikuwa jina lake. Timazi ni ile kamba yenye kipande cha chuma mwishoni, ambayo waashi huining'iniza kuona kama ukuta umesimama wima. Mzee huyu alikuwa ameitembeza mji mzima kwa miaka arobaini na tano, mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu.

Aliyefika kumchukua ni mkamwana wake. Mwanawe wa pekee aliendesha lori la safari ndefu, na siku hiyo alikuwa mbali, mwendo wa siku mbili. Mkamwana alikuja na baiskeli, akipiga kengele tangu kona ya mbali ili watu wapishe. Baiskeli hiyo ilikuwa na breki za kubahatisha lakini kengele yake ilisikika mtaa wa tatu, ndiyo maana hata yeye walimwita Mama Kengele.

Hospitali walimrudisha baada ya wiki mbili. Ulimi ulikuwa mzima ("Huo hata treni ikiugonga hauumii," alisema mwanawe kwenye simu) lakini mkono wa kulia, mkono wa mwiko, ulilala mapajani kama mgeni aliyechoka. Wakamtandikia sebuleni, kwenye kochi lililotazama dirisha. Dirisha nalo lilitazama ukuta wa jirani, na hapo ndipo walipokosea.

"Aliyejenga ukuta ule," alisema siku ya tatu, "alikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

"Baba, pumzika."

"Nitapumzikaje? Hebu tazama mstari wa nne. Unapanda mlima."

Kabla ya kuugua, kila jioni alikuwa anatoka na fimbo yake kutembea mjini. Mwenyewe aliita kwenda kusalimia kazi zake. Alirudi magharibi, akala, akalala. Sasa jioni zilimjia akiwa kochini, na ikifika saa kumi na moja Mama Kengele alikuwa anaona mguu wake mzima ukicheza sakafuni, kana kwamba unataka kwenda peke yake.

Asubuhi moja, saa kumi na moja na nusu, Mama Kengele alikuwa anafunga chakula chake cha mchana kwenye keria ya baiskeli, sauti ikamfuata mlangoni.

"Mama." Alimwita hivyo tangu siku alipoolewa. "Hiyo simu yako si inapiga picha?"

"Inapiga, baba."

"Na mnara wa saa si unaupita?"

"Kila siku."

"Basi nipigie. Nione kama bado umesimama."

"Baba jamani, mnara ungeanguka tusingesikia?"

"Wewe hujui minara. Mingine huanguka kimyakimya."

Safari yake ya kazini ilikuwa ya dakika arobaini. Alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, upande wa pasi, na kuanzia saa moja alikuwa ananyoosha shuka, foronya na makoti ya madaktari ndani ya mvuke hadi kucha zinalainika. Njia ilipita reli, posta ya zamani, mnara wa saa, soko, tangi la maji, kisha kilima kifupi kilichomfanya ashuke na kusukuma. Alikuwa ameipita miaka kumi na moja. Kama ungemuuliza mnara wa saa una rangi gani, angekudanganya.

Picha ya kwanza aliipigia mbali, bila kushuka kwenye baiskeli. Jioni mzee aliishika simu kwa mkono wa kushoto, akaiangalia.

"Na hiki kidole nacho ni sehemu ya mnara?"

"Kiliteleza, baba."

"Shuka kwenye baiskeli, mama. Mnara haukimbii. Sogea karibu, simama ubavuni. Jua la asubuhi linaupita ukuta kwa pembeni, kila kibonyeo kinatoa kivuli. Mchana ukuta wowote ni mzuri, kama mtu aliyejipaka poda. Alfajiri ndipo unauona uso wake."

Kesho yake akashuka. Akasimama ubavuni, na kweli, jua lilipochomoza nyuma ya paa la posta, mnara aliouona kila siku ukawa kitu kingine. Kila tofali lilikuwa na mstari wake wa kivuli, kama maandishi. Akapiga picha sita na kuchelewa dakika nne.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kila asubuhi picha, kila jioni mazungumzo. Mama Kengele alikaa kwenye kigoda kando ya kochi, mikono inanuka sabuni ya hospitali, anamenya viazi, na mzee anaikuza picha kwa kidole gumba na kusimulia. Daraja la reli: nguzo ya pili aliijenga maji yakiwa kifuani, na msaidizi wake alipoteza kiatu ambacho hadi leo kimo ndani ya zege. Ukumbi wa mikutano: ngazi zina kipandio kimoja kifupi kuliko vingine, maana msimamizi aliyempimia alikuwa amelewa. Kwenye tangi la maji mlinzi alimkimbilia Mama Kengele na rungu.

"Dada! Hapa hakupigwi picha!"

"Napiga tofali kaka yangu, sipigi maji. Baba mkwe wangu ndiye aliyelijenga."

Mlinzi alishusha rungu, akafikiri. "Mwambie linavuja."

Salamu hizo zilifika, na mzee alikasirika siku mbili. "Linavuja bomba! Bomba ni kazi ya mwashi? Kamuulize fundi bomba!"

Kusema kweli, Mama Kengele hakuwa anayaamini yote. Ukimsikiliza Mzee Timazi, hata kilima cha kwenda hospitali alikiinua yeye. Lakini siku moja mzee alimwambia kuwa nyuma ya posta, karibu na ardhi, kuna tofali lenye unyayo wa mbwa aliyelikanyaga likiwa bado bichi, na kwamba yeye alililaza kwa nje makusudi ili watoto walione. Kesho yake Mama Kengele akazunguka nyuma ya posta, akachutama, akafukua majani. Unyayo ulikuwepo, vidole vinne na kisigino, umekauka pale tangu kabla yeye hajazaliwa. Aliucheka peke yake kama mwehu, akaupiga picha, na tangu siku hiyo akawa anaondoka nyumbani mapema kwa robo saa.

Lango la soko aliliongeza mwenyewe, kwa sababu lilikuwa njiani na lilikuwa zuri: nguzo mbili nene, kila moja upana wa mtu aliyenyoosha mikono, na juu yake tao kubwa la matofali ambalo chini yake watu waliuza na kununua tangu alfajiri. Alitarajia hadithi ndefu. Mzee aliitazama picha tu.

"Na hili, baba?"

"Hilo silo langu," alisema. Lakini hakuirudisha simu. Viazi vikaisha kumenywa, naye bado anaitazama. "Kesho lipige tena. Mguu wa kushoto. Chini kidogo."

Kesho yake akalipiga. Na keshokutwa. Ikawa mnara, daraja na posta vinaangaliwa kwa pupa, vinasifiwa, vinapitwa, halafu picha ya lango inakaa mkononi hadi chakula kinapoa. Mama Kengele aliogopa kwamba kiharusi kilikuwa kimechukua na kitu kingine ambacho madaktari hawakukiona. Mumewe alipopiga simu kutoka njiani, akatoka nje kuzungumza naye.

"Baba ana nini na lango la soko?"

"Lango la soko?" Injini ilinguruma. "Sijui. Ila nilipokuwa mdogo, tukipita pale alikuwa ananishika mkono kwa nguvu na kunivuta. Kama mtu anayevuka barabara. Mbona unauliza?"

Jioni ile hakumenya kitu. Alikaa mikono mitupu, akamwambia, "Baba, mimi ni mwanao, si mgeni humu ndani. Lile lango ni la nani?"

Mzee alitazama ukuta wa jirani, ule wenye mstari wa nne unaopanda mlima.

"Ni langu," alisema.

Kisha akamsimulia, polepole. Alikuwa kijana, ndiyo kwanza amepewa kusimamia kazi yake ya kwanza kubwa. Walipochimba msingi wa mguu wa kulia wakakuta mwamba, safi kabisa. Wa kushoto ukaangukia kwenye mtaro wa zamani uliofukiwa, tope na takataka. Ilibidi wachimbe zaidi, urefu wa mtu mzima, hadi kwenye ardhi ngumu. Asubuhi ya kuchimba ndipo alipoitwa: mkewe alikuwa na uchungu tangu jana yake na mtoto hatoki.

"Nikawaambia vijana, mwageni zege hapo hapo, msinisubiri. Siku ya ufunguzi ilikuwa imeshapangwa. Nikakimbia. Nilikaa mlangoni mwa wodi siku tatu, mama. Siku tatu. Niliporudi, mguu ulikuwa umenifika kiunoni. Ningesema, wangeubomoa, na mimi wangenifukuza, nina mtoto mchanga na mke hawezi hata kukaa. Nikanyamaza. Nikachukua mwiko, nikaendelea." Alivuta pumzi. "Siku ile mumeo alizaliwa, nami nikazaa uongo. Wote wawili wana miaka arobaini na moja sasa."

Mama Kengele alisogeza kigoda karibu. Aliushika ule mkono wa kulia uliolala.

"Ulitokea ufa mwembamba, kama unywele," mzee aliendelea. "Kila jioni nilienda kuuangalia. Hizo kazi nyingine nilikuwa nazisalimia tu njiani. Ulikuwa umelala. Miaka yote umelala. Lakini mwaka huu wamechimba mfereji mpya wa mabomba pale kando, mvua ikaja, na mimi nikaanguka. Kwenye picha zako, mama, naona kama umeamka. Ila picha haitoshi. Macho yangu yanaweza kuwa yanaogopa tu."

"Si wauzibe tu, baba? Si wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta?"

"Waliosema hivyo hawakuwa waashi. Ufa ukiuziba bila kujua umetoka wapi, umemfunga mdomo anayekuonya."

Akamfundisha kuweka shahidi. Ndivyo waashi walivyokiita: kibonge cha plasta, kidogo kama kipande cha sabuni, unakibandika juu ya ufa, kikashika huku na huku. Plasta haivutiki. Ukuta ukisogea hata kidogo, shahidi anapasuka. Walijaribu kuchanganya plasta kwenye kikombe kibovu, mzee akakoroga kwa mkono wa kushoto, akijimwagia mapajani na kutukana, naye Mama Kengele akicheka mpaka machozi.

Alfajiri alichutama kwenye mguu wa kushoto wa lango, akauosha ukuta kwa maji ya chupa, akakoroga plasta mpya, akabandika mashahidi watatu na kuandika tarehe kwa kalamu. Mwanamke aliyeuza ndimu hapo chini ya nguzo, Mama Ndimu, alikuwa anapanga meza yake. Akaacha.

"We dada, unatubandikia nini hapo?"

"Dawa."

"Dawa ya nani?"

"Ya ukuta."

Mama Ndimu alitazama ukuta, akatazama baiskeli, akatazama tena ukuta. "Ukuta unaumwa?"

"Ndiyo tunataka kujua, dada yangu. Nakuomba, mtu asiviguse."

"Nani aguse? Mimi mwenyewe hapo sigusi hata unilipe."

Kila asubuhi akapiga picha: shahidi wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kijiti cha kiberiti kando ili ukubwa uonekane. Siku ya kwanza salama. Siku ya tano salama. Mzee akaanza kula vizuri, akarudia kuusema ukuta wa jirani. Siku ya tisa kulikuwa na mstari kwenye shahidi wa kati, mwembamba kiasi kwamba alidhani ni unywele wake mwenyewe, akajaribu kuufuta. Siku ya kumi na mbili ilinyesha. Ya kumi na tatu alikuta mashahidi wote watatu wamepasuka vipande viwili, na kijiti cha kiberiti kiliingia kwenye ufa wa kati bila kusukumwa.

Hakungoja jioni. Alipiga simu nyumbani, akamwambia mzee. Mzee akajibu, "Nenda manispaa."

Alienda baada ya zamu, bado amevaa sare ya kufulia yenye mabaka ya unyevu mgongoni. Karani alimwambia aandike barua. Akaandika. Karani akamwambia aache, atajibiwa. Mama Kengele akasema atasubiri jibu hapo hapo kwenye benchi, na kwamba yeye kazi yake ni kusimama kwa saa nane kila siku, kwa hiyo kukaa kwake ni likizo. Saa kumi na nusu mhandisi wa manispaa akatoka na begi lake, kijana mwenye miwani, na karani akamwonyesha kidole benchi kama mtu anayeonyesha maji yaliyomwagika.

Mhandisi alipokea simu kwa adabu ya mtu anayetaka kwenda nyumbani. Akapitisha picha moja, mbili, tano. Kisha akaketi.

"Hizi ni za siku ngapi?"

"Za plasta ni kumi na tatu. Za ukuta wenyewe, mwezi na zaidi."

"Nani amekufundisha kupiga hivi?"

"Baba mkwe wangu. Alikuwa mwashi."

Mhandisi aliingia ndani, akarudi na michoro ya zamani iliyokunjwa, karatasi zimegeuka rangi ya chai. Akainyoosha kwenye meza ya karani. "Sasa ona, mama. Nguzo zote mbili zimeshuka hadi ardhi ngumu. Imeandikwa na imepigwa muhuri. Basi huo utakuwa ufa wa plasta ya juu kwa sababu ya mvua. Nitamtuma mtu aje apake."

Mama Kengele aliangalia ile mistari mizuri iliyonyooka. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini aliyekuwa na haki ya kulisema alikuwa kochini, na jina la mtu si shuka ya hospitali, ukaichukua tu na kuifua mbele za watu. Akalimeza.

"Kesho asubuhi, saa kumi na mbili na nusu," alimwambia mhandisi, "nakuomba uje langoni. Dakika kumi tu. Kuna mtu anataka kukuambia kitu kuhusu mchoro huo."

Nyumbani alimweleza mzee yote. Mzee hakufikiri hata kidogo. "Nipeleke," alisema.

"Baba, watu watakuwepo. Sokoni pale, unajua midomo."

"Mficha uchi hazai, mama. Na mimi nimeficha miaka arobaini na moja. Nipeleke."

Mumewe alikuwa bado barabarani, na teksi ya saa hiyo hakuipata. Alfajiri akatandika mto kwenye keria ya baiskeli, jirani mwenye ukuta uliopinda akaja kusaidia kumpandisha, na mzee akafungwa kwa kanga kiunoni, kanga ikazungushwa kwenye kiti. Mkono mzima ukashika kiti. Mama Kengele hakupanda, alisukuma. Walipita reli. Walipita posta. Mzee hakuongea, yeye ambaye alikuwa anaisifu posta hiyo kila jioni. Walipofika chini ya mnara wa saa tu ndipo alisema, "Simama kidogo," akauangalia kutoka chini hadi juu. "Picha zako ni nzuri," alisema, "lakini hazina ubaridi." Akamwambia waendelee.

Mhandisi alikuwa ameshafika. Mama Ndimu na wenzake walikuwa wanapanga meza. Mzee hakukubali kushushwa kwenye baiskeli. Alisema akiketi chini hatainuka.

"Kijana, wewe ndiye wa michoro?"

"Ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mchoro wako unasema kweli. Niliyesema uongo ni mimi." Akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto. "Huu mguu haukufika ardhi ngumu. Umekaa juu ya mtaro wa zamani. Nilikuwa msimamizi, nilijua, nikanyamaza. Chimbeni hapo, kina cha goti, mtaona."

Alisema kwa sauti aliyozoea, sauti ya mtu aliyeishi akipigiana kelele na watu walio juu ya ngazi, kwa hiyo soko lote likasikia. Kisu kimoja kiliendelea kukata kabichi, halafu nacho kikaacha.

Mama Ndimu ndiye aliyesogea. Alikuwa na ndimu mkononi, amesahau kuziweka chini.

"Mzee," alisema, "mimi nimekaa hapo miaka kumi na tisa. Nimenyonyeshea watoto hapo. Wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ulikuwa unapita kila jioni. Nakukumbuka. Unanisalimia."

"Nilikuwa nakuona, mwanangu. Kila jioni nilikuwa nakuona." Akaushusha mkono aliokuwa anaonyeshea. "Nisamehe."

Mama Ndimu alizikumbuka ndimu, akaziweka chini. Aligeuka, akaanza kuondoa meza yake.

Walianza kuchimba saa mbili asubuhi hiyo hiyo. Kwenye kina cha goti koleo lilitoa tope jeusi na kipande cha bomba la udongo. Mhandisi alivua miwani, akaifuta, akapiga simu tatu mfululizo. Kufikia mchana soko lilikuwa limezungushiwa kamba, wauzaji wamehamishiwa uwanjani, na magogo mazito yameegemezwa chini ya tao. Walipokaza gogo la mwisho tao lilitoa mlio, kama mlango mkubwa unaofunguliwa, na mguu wa kushoto ukashuka upana wa vidole viwili. Magogo yakabeba. Waliokuwepo wanasema mafundi wote walikimbia, akabaki mhandisi peke yake, amekumbatia kichwa.

Mji ulisema, kama miji inavyosema. Wiki nzima watu walitania kwamba Timazi amepinda. Mzee alihojiwa, maelezo yakaandikwa, naye akaweka dole gumba la kushoto. Mumewe Mama Kengele alirudi safari siku ya nne, akaambiwa yote, akaenda kukaa kochini kando ya baba yake. Mama Kengele alikuwa jikoni na hakusikia walichosema. Alichosikia ni mumewe akicheka na kulia kwa wakati mmoja, na mzee akisema, "Usijilaumu bwana, wewe ulichelewa kuzaliwa tu."

Walichimba chini ya nguzo sehemu kwa sehemu, wakajaza zege hadi ardhi ngumu. Ilichukua miezi miwili na nusu. Kila asubuhi Mama Kengele alipitia pale, akapiga picha shimo, chuma, zege, na kila jioni mzee alizikagua, akiuliza swali moja au mawili. Siku moja aliona chuma kimewekwa karibu mno na ukingo, akamtuma mkamwana akamwambie mhandisi. Mhandisi akaja kuangalia, akakisogeza, na akatuma salamu kwamba kama mzee ana jingine, aseme. Mzee alikuwa na mengine manane.

Siku wauzaji waliporudishwa, mumewe alikuwa nyumbani, na safari hii walimpeleka mzee kwa kiti cha magurudumu walichoazima hospitali. Mama Kengele alitangulia na baiskeli. Lango lilikuwa limesimama, mguu mmoja mweupe wa saruji mpya hadi magotini kama mtu aliyevaa soksi moja. Mama Ndimu alikuwa pale pale alipokuwa zamani, anapanga.

Mzee alisogezwa hadi mbele ya meza. Wakatazamana.

"Nimemuuliza yule kijana wa miwani," Mama Ndimu alisema bila kuinua kichwa. "Anasema sasa hata tembo akiegemea halitikisiki."

"Ni kweli. Nimekagua mwenyewe. Hatua zote."

"Nilisema moyoni sitakusamehe."

"Una haki."

Alipanga ndimu nyingine tatu, akazizungusha ili zitazame upande mmoja. "Bado sijamaliza kukasirika," alisema. "Nikimaliza nitakuambia. Ila umekaa mbele ya meza, mzee, wateja hawaoni bidhaa. Sogea hapa pembeni kivulini."

Mwanawe akakisogeza kiti kivulini, kando ya nguzo, na mzee akaweka kiganja chake cha kushoto juu ya saruji, akakiacha hapo. Mama Ndimu akampa karai la ndimu amshikie mapajani wakati anatandika meza. Mama Kengele aliangalia saa, akaona amechelewa dakika ishirini na tano, akapanda baiskeli, na kengele yake ikasikika hadi kwenye tangi la maji.